Walimu Wote, Bila Kubakiza

Maneno yaliyomtia Filimbi matatani aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi kumi na watatu, siku ya Ijumaa kwenye kikao cha walimu. Hakulazimishwa na mtu. Hakuwa na homa. Baadaye alijaribu kuisingizia njaa, maana kikao kilikuwa kimemeza muda wote wa chakula cha mchana, lakini hata mkewe hakuikubali sababu hiyo.

Filimbi alikuwa mwalimu wa michezo. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu filimbi haikumtoka shingoni, iwe uwanjani, iwe benki. Mara moja aliingia nayo msibani, akaiweka mdomoni kwa mazoea, akavuta pumzi ya huzuni, na alipoishusha pumzi ile, nusu ya waombolezaji wakasimama. Alikuwa na miaka hamsini na sita na kitambi cha haja. Asiyemjua alipomwona amevaa traksuti alidhani ameazima. Lakini mkimbize uone! Kitambi kilikuwa kinatangulia tu, miguu ilikuwa haina mchezo.

Siku hiyo kikao kilijadili matokeo ya Kidato cha Pili B. Aliyesimama kuyaeleza alikuwa mwalimu wa Hisabati, ambaye pia ndiye aliyepanga ratiba ya shule. Yeye walimwita Wastani, na wala hawakumwonea. Dada yake alipojifungua mapacha, swali lake la kwanza kwenye simu lilikuwa uzito wa kila mmoja, na kabla hajauliza hali ya mzazi alikuwa ameshajumlisha na kugawa kwa mbili.

"Pili B wana wastani wa thelathini na nane," alisema. "Wanahitaji kipindi kingine cha Hisabati. Na kipo. Alhamisi, kipindi cha sita, pale ambapo huwa wanakimbiakimbia tu bure."

Kile kipindi cha sita kilikuwa cha Michezo. Filimbi alisimama kwa kasi hadi kiti kikaanguka.

"Bure? Dada yangu, umesema bure?"

"Nimesema bure, kaka. Unaweza kukaa."

"Kiti kimeanguka, siwezi kukaa. Jamani, mwanafunzi ana kichwa, sikatai. Lakini hicho kichwa kimekaa juu ya shingo, shingo imekaa juu ya mabega, na huko chini kuna moyo, kuna mapafu, kuna miguu, kuna mtu! Nyinyi mnafundisha kichwa peke yake, utadhani kinakuja shuleni kimebebwa kwenye sahani."

Mwalimu wa Dini aliguna kuafiki. Mwalimu wa Fizikia alikuwa anasinzia. Mkuu wa shule, mzee mpole aliyeogopa kukata shauri kuliko alivyoogopa nyoka, alitazama saa, akatazama dari, akatazama saa tena.

"Sawa," alisema Wastani. "Unamkuza mwanafunzi mzima. Vizuri. Sasa unampimaje? Mimi nina namba hapa. Wewe una nini?"

Hapo ndipo Filimbi alipopaswa kunyamaza. Angeweza kumtaja Kiberiti, na pengine angeeleweka. Kiberiti alikuwa msichana wa Pili B, mdogo wa umbo, ambaye alipoingia shuleni alikuwa haongei. Kwenye mahudhurio alikuwa anajibu kwa kunyanyua kidole, na kwa kuwa aliketi nyuma ya jitu la mtu, wiki mbili nzima aliandikwa hayupo. Filimbi ndiye aliyemsimamisha pembeni ya uwanja na kumwambia, "Wahesabie wenzako hatua, mwanangu, mimi pumzi imekata." Siku ya kwanza alihesabu kwa sauti ya mbu. Mwisho wa muhula ule majirani wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanajua Pili B wamefika mzunguko wa ngapi. Sasa darasani alikuwa anauliza maswali mpaka Mwalimu wa Historia anatafuta pa kutokea.

Lakini hayo hayakumjia. Aliyekuja ni shetani wa kujipiga kifua.

"Unataka kipimo? Nipe mpaka Alhamisi! Pili B watawavuta kwa kamba walimu wote wa shule hii. Wote, bila kubakiza! Wakishindwa, chukua kipindi chako."

Mwalimu wa Fizikia aliamka. Na Mkuu, alipoona kuna kamba itakayoamua badala yake, uso ulimnawiri.

"Wazo zuri sana," alisema. "Liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao."

Mwalimu wa Historia, ambaye ndiye aliyekuwa katibu, akaandika neno kwa neno, akapiga mstari chini.

Njiani kurudi nyumbani jazba ilimshuka Filimbi na hofu ikachukua nafasi yake. Hakuwa na somo jingine. Hiyo Pili B ndiyo iliyokuwa imebaki. Madarasa mengine yalikuwa yameshanyang'anywa vipindi vyao vya Michezo kimoja kimoja, mwaka mmoja Kemia, mwaka uliofuata Kompyuta. Kikiondoka na hiki, angepewa ufunguo wa stoo ya vitabu, chumba kisicho na dirisha, akae humo miaka minne mpaka astaafu. Na kilichomuuma zaidi ya stoo ni kwamba huenda Wastani alikuwa anasema kweli, kwamba miaka yake thelathini ya kupuliza na kukimbiza watoto wa watu ilikuwa upepo mtupu. Wazo hilo lilimfanya asimame katikati ya barabara hadi mwenye baiskeli akamtukana.

Jumatatu alianza kazi. Aliwatoa Pili B mapumziko ya saa nne, akatandaza kamba nene kutoka stoo ya vifaa, akawafundisha kila alichokijua. Aliwafundisha kuchimba visigino. Aliwafundisha kuipitisha kamba kwapani, kulala nyuma, kutazama mawingu, na kuacha mikono ishike tu huku miguu ikifanya kazi. Zaidi ya yote aliwafundisha kupumua pamoja.

"Mtu mmoja mwenye nguvu ni mtu mmoja," aliwaambia. "Tukivuta pamoja, hata mwenye kikohozi anahesabika. Kiberiti, hesabu!"

"MOJA! MBILI! VUTA!"

Ndege walihama kwenye paa la maktaba. Hadi Jumatano Pili B walikuwa wanauvuta mti mkavu uliokuwa nyuma ya vyoo, na mti wenyewe ulikuwa umeanza kuinama. Filimbi alipiga mluzi njia nzima kwenda jikoni, ambako Wastani alikuwa amewaita walimu wote kwa jambo alilolitaja kuwa la haki na usawa.

Jambo lenyewe lilikuwa mizani. Ilikuwa ile mizani kubwa ya kupimia magunia, na Wastani alikuwa amesimama kando yake na daftari, huku mpishi wa shule akiwa ameshika kiuno kulinda mali yake.

"Hatuwezi kuvutana idadi kwa idadi," alieleza Wastani. "Watu wazima na watoto hawalingani. Tutavutana kilo kwa kilo. Mmoja mmoja, tafadhali."

Walimu walipanda. Mwalimu wa Dini alivua saa. Mkuu alipanda akiwa amebana tumbo, kana kwamba mizani ina macho. Mwalimu wa Fizikia alitaka kwanza kueleza tofauti ya uzito na tungamo, mpishi akamwambia apande au ashuke, gunia la unga linasubiri. Filimbi alikuwa pembeni anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Namba kumi na nne," alisema Wastani, na kumtazama yeye.

"Kumi na nne ni nani?"

"Ni wewe, kaka."

"Mimi? Mimi ni kocha wa Pili B."

Wastani hakubishana. Alimpokea Mwalimu wa Historia daftari la kumbukumbu na kusoma polepole, kidole kikifuata mstari: "Mwalimu wa Michezo alisema kwamba Pili B watawavuta walimu wote wa shule hii. Wote, bila kubakiza." Akafunga daftari. "Wewe si mwalimu?"

Katika siku zote tano, wakati wa kula, wa kulala na wa kuoga, Filimbi alipowaza walimu wote aliwaza wale wengine wote. Wazo kwamba na yeye yumo halikuwahi kumpitia hata kwa bahati mbaya. Akipinga, atakuwa amekana ualimu wake mbele ya mpishi.

Alipanda mizani. Mshale ulikwenda ukapumzika kwenye kilo mia na mbili.

"Walimu kumi na wanne, jumla kilo elfu moja thelathini na sita," alitangaza Wastani. "Wastani sabini na nne. Pili B wastani wao arobaini na tano, kwa hiyo wataleta watu ishirini na watatu. Hapo wanapungukiwa kilo moja. Mwalimu wa Historia, kesho uje bila koti."

Jioni ile Filimbi alikaa kwenye kigoda ndani ya chumba cha kushonea cha mkewe, kilichotazama barabarani, na kumsimulia yote. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na kwa wakati ule alikuwa anafumua traksuti ya mumewe kiunoni ili aiongezee kitambaa, kazi aliyoifanya kila mwaka bila kulalamika sana.

"Kwa hiyo," alisema mkewe, pini ikiwa imebanwa na midomo, "wewe ndiye utakayekivuta kipindi chako mwenyewe mpaka kife."

"Ndivyo ilivyo, mama watoto."

"Na walimu wenzako wana nguvu?"

"Nguvu gani! Wale ukiwaondolea mimi wanaburutwa mpaka sokoni. Mimi ndiye mwenye kilo mia."

Mkewe alisukuma cherehani mara mbili tatu. "Si uachie kidogo? Mkono unateleza, bahati mbaya, nani atajua?"

Filimbi alikuwa ameshaliwaza jambo hilo tangu pale jikoni, na aibu yake ni kwamba alikuwa amelifurahia. Lakini kusikia likisemwa kwa mdomo wa mtu kulimkera.

"Nitajua mimi. Thelathini, miaka thelathini nawaambia watoto wa watu, cheza kweli, hata unayecheza naye akiwa ndugu yako. Leo nicheze uongo kwa sababu ni mimi?"

"Basi vuta."

"Nikivuta naingia stoo!"

"Basi achia."

"Siwezi kuachia!"

"Baba watoto," alisema mkewe, akaitoa ile pini mdomoni. "Vuta au achia, ila suruali hii nimeiongeza inchi mbili, na nguo nyingine ya kuongeza sina. Usije ukaichana." Kisha akamwangalia kwa huruma ambayo haikuwa na utani ndani yake. "Kama ni kuingia stoo, nitakushonea pazia."

Alhamisi, kipindi cha sita, shule nzima ilikuwa imejipanga kuuzunguka uwanja. Refa alikuwa mpishi, kwa sababu hakuwa mwalimu wala mwanafunzi, na kwa sababu hakuwahi kumpendelea mtu hata siku ya nyama. Masharti aliyasema mwenyewe: mivuto mitatu, atakayeshinda miwili ameshinda, na mtu akimuuliza swali hatakula kesho.

Upande mmoja walisimama Pili B ishirini na watatu, wametulia, visigino vimeshachimba. Kiberiti alikuwa kando yao. Upande wa pili walikuwa walimu, na ukiwatazama ungedhani wamekuja kupanga foleni ya maji. Mwalimu wa Historia alikuwa anatetemeka kwa kukosa koti. Mwalimu wa Fizikia alikuwa anachora mishale ardhini kwa kijiti, anaeleza nguvu zitaelekea wapi. Mwalimu wa Dini alikuwa amefumba macho. Wastani alikuja na viatu vya kisigino kirefu, kwa hesabu kwamba vitazama vizuri zaidi. Filimbi walimweka mwisho kabisa wa kamba, wakamzungushia kiunoni, naye akakubali bila kusema neno.

Mpishi alitikisa aproni yake. Kiberiti akapaza, "MOJA! MBILI!"

Filimbi alivuta. Aliapa baadaye kwa kila kilicho kitakatifu kwamba alivuta kwa nguvu zake zote, na ni kweli, mishipa ya shingo ilimtoka. Lakini mbele yake kila mwalimu alikuwa na kamba yake kichwani. Mmoja anavuta, mwingine anapumzika, mwingine anauliza kama wameshaanza. Mkuu alikuwa amemshika Mwalimu wa Dini shati badala ya kamba. Kabla hujamaliza kunawa mikono, walimu wote walikuwa wamelala kifudifudi kwenye vumbi, na Filimbi kilo mia na mbili ameburutwa juu yao.

Uwanja ulilipuka. Watu walivunjika mbavu. Filimbi akiwa pale chini, uso umo ndani ya vumbi, moyo wake ulicheza ngoma: bado mvuto mmoja tu, na yeye hana kosa, amevuta, kila mtu ameona!

Alipoinuka alimkuta Kiberiti amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hongereni sana."

"Mwalimu, mbona wenzako hawajui hata kukaa?"

"Watu wazima hao. Viungo vimekakamaa."

"Hawajui kupumua pia. Wala hakuna anayewahesabia." Alishusha sauti, jambo ambalo siku hizi halikuwa kawaida yake. "Sisi umetufundisha siku tatu. Wao umewafundisha nini?"

Filimbi alijifanya anakung'uta traksuti. "Mimi nimevuta, mwanangu. Kwa haki kabisa."

"Kuvuta umevuta, mwalimu. Ila umenyamaza."

Filimbi alitaka kumwambia, we mtoto, hujui unachokiomba, hiki kipindi ndicho kilichokupa hiyo sauti unayonisutia nayo. Alitaka kumwambia kuhusu ile stoo. Lakini msichana yule alikuwa anamtazama moja kwa moja machoni, yeye ambaye zamani alikuwa anaongea na viatu vyake, na Filimbi akaona aibu, na nyuma ya aibu akaona fahari kubwa.

"Tukishinda hivi," alisema Kiberiti, "Alhamisi ijayo tutakutazamaje?"

Akaondoka zake kwenda kwa wenzake. Filimbi alijua vizuri kabisa kwamba maneno machache kutoka kinywani mwake yatatosha kukizika kipindi cha sita. Kisha akapiga moyo konde, akawageukia walimu.

"Jamani, njooni hapa. Mkuu, achia shati la mwenzio. Dada, vua hivyo viatu."

"Nimevipigia hesabu," alisema Wastani.

"Hesabu imekosewa. Vua."

Akawafundisha. Kwapani, visigino, mawinguni. Aliwakalisha chini na kuwainua, akawapiga mabega yaliyokuwa yamepanda masikioni tangu enzi za chuo. Mwalimu wa Fizikia alianza kueleza, Filimbi akamwambia maelezo yapo kwenye magoti, ayakunje. Mwalimu wa Dini alifumbua macho. Ikabaki kuhesabu.

"Dada, hesabu wewe."

Wastani alikuwa peku, soksi mkononi, nywele zimejaa vumbi. "Mpaka ngapi?"

"Mpaka mbili, halafu unasema vuta. Halafu unaanza upya."

"Na mwisho wake ni wapi?"

"Mwisho ni wakishaanguka."

"Hiyo si hesabu," alisema Wastani, lakini macho yalikuwa yameanza kumng'aa.

Mpishi alitikisa aproni. Sauti mbili zilipaa pamoja, ya Kiberiti upande huu na ya Wastani upande ule, na watu wakashangaa kwamba mwalimu wa Hisabati alikuwa na mapafu ya namna hiyo muda wote na hakuna aliyejua. Walimu walilala nyuma kwa pamoja. Kilo elfu moja na thelathini na sita zikawa kitu kimoja. Pili B walijikaza kisabuni, wakasogea hatua, wakasogea mbili, kisha wakaja wote kwa mkupuo mpaka wakalala kwenye vumbi.

Ikawa mvuto mmoja kwa mmoja. Walimu walirukaruka. Mkuu alimbusu Mwalimu wa Historia kwenye paji la uso na kujutia papo hapo.

Mvuto wa tatu shule ile bado inausimulia. Kamba ilisimama. Haikwenda huku wala kule, ikawa inalia tu kama mlango mbovu. Pili B walikuwa na miaka kumi na minne na mapafu mapya. Walimu walikuwa na kilo na hasira ya miaka mingi ya kusahihisha madaftari. Kiberiti alikuwa amepiga magoti, anahesabu huku machozi yanamtoka. Wastani alikuwa ameshasahau namba, anasema tu "VUTA! VUTA! VUTA!" bila kuhesabu chochote, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Traksuti ya Filimbi ilitoa mlio kiunoni na yeye hakuusikia. Alikuwa amelala nyuma anatazama mawingu, analia na kuvuta, anavuta na kulia, akijua kila inchi anayoipata ni inchi ya kuelekea stoo.

Na inchi zikaja. Moja, tatu, kumi. Pili B wakaanguka.

Ukawa wazimu. Walimu walikumbatiana, walibebana, walidondoshana. Wastani aligaragara chini akicheka kicheko cha kwikwi mpaka mpishi akaleta maji. Pili B waliinuka, wakajikung'uta, wakaja kwa mstari kuwapa walimu mikono. Wa mwisho alikuwa Kiberiti, na alipofika kwa Filimbi alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Leo umetuvuta kweli, mwalimu," alisema kwa sauti iliyokauka kabisa. Alikuwa anatabasamu.

Saa tisa walimu waliketi kwenye chumba chao kumalizia lililobaki. Ratiba ya shule ilikuwa ukutani, karatasi gumu kubwa lililotundikwa juu ya kabati, na kilichohitajika kilikuwa kidogo: kufuta neno Michezo kwenye Alhamisi ya Pili B na kuandika Hisabati. Wastani alichukua kalamu ya wino mzito, akasimama mbele ya ratiba, akanyanyua mkono.

Mkono ulifika kifuani, ukakataa.

Alijaribu wa kushoto. Wa kushoto haukufika hata huko. Akajaribu kuusukuma wa kulia kwa wa kushoto, na yote miwili ikaanza kutetemeka hadi kalamu ikamdondoka. Waliambiwa wavute kwa miguu, lakini kwenye ule mvuto wa tatu kila mmoja wao alikuwa amevuta kwa chochote alichozaliwa nacho.

"Mwalimu wa Fizikia, nisaidie," alisema.

Mwalimu wa Fizikia alitazama mikono yake iliyolala mapajani na kutikisa kichwa. Mwalimu wa Historia alikuwa amevishwa koti na mpishi. Mwalimu wa Dini alikuwa ameomba dua ya kushukuru huku mikono inaning'inia. Mkuu alikuwa ameinama mezani, anainywa chai yake bila kugusa kikombe, kwa midomo tu, kwa heshima zote.

Wote wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Filimbi.

"Kaka," alisema Wastani taratibu. "Mikono yako vipi?"

"Mizima."

"Mizima mizima?"

Filimbi aliinyoosha juu, akaizungusha, akaishusha; yeye kamba ilikuwa kiunoni, na alivuta kwa miguu kama alivyofundisha. Kumi na watatu walishusha pumzi za wivu.

"Basi samahani sana," alisema Mkuu kutoka kwenye chai. "Itabidi utuandikie wewe."

Filimbi aliokota kalamu. Alikuwa ametoa neno lake na neno lake lilikuwa limeandikwa. Alipanda juu ya kiti, kwa kuwa ratiba ilikuwa juu, akapanda bila kushika popote, na akaufikisha mkono mpaka kwenye Alhamisi. Mkono haukutikisika. Kilichotikisika ni midomo. Chini yake Wastani alikuwa amesimama ameinua uso, mikono imemlegea ubavuni, anautazama mkono ule wa mwanaume wa miaka hamsini na sita.

"Nifute?" aliuliza Filimbi bila kugeuka.

Aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi.

"Subiri," alisema Wastani.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, na hakukumbuka lini alicheka mwisho mpaka akaletewa maji. Aliyatazama maneno yale madogo, Pili B, Michezo, aliyoyaandika yeye mwenyewe mwanzoni mwa mwaka.

"Usifute. Niandike na mimi hapo, nije kuvuta."

"Na mimi," alisema Mwalimu wa Dini upesi.

"Wale watoto watataka kulipiza," alisema Mwalimu wa Historia. "Hatuwezi kuwakimbia. Andika na mimi."

Mkuu aliinua uso wenye chai kidevuni, akatazama kushoto na kulia kuhakikisha kwamba tayari wengi wamekubali, kisha akaagiza kwa ukali kwamba jina lake litangulie.

Filimbi aliandika, huku macho yamemjaa maji na mwandiko unakuwa mkubwa kadiri anavyoendelea. Kile kisanduku cha Alhamisi kilikuwa kidogo kwa majina kumi na matatu. Yalipojaa yakaingia Ijumaa, juu ya kipindi cha Fizikia, na hakukuwa na mwalimu hata mmoja mle ndani aliyeweza kunyanyua mkono kupinga.